Kuchacha si kuoza

Nyumba nyingi za uswahilini, Jumapili asubuhi, huwa na mazungumzo ya namna hii. Mdogo mtu anafunua sufuria ya maharage yaliyolala mezani tangu jana mchana, anasogeza pua, anarudi nyuma kidogo.

"Dada, hii mboga vipi?"

Dada mtu hainuki hata kwenye kigoda. "Ina povu?"

Linalo.

"Imechacha hiyo. Kamwagie kuku."

Kesi imekwisha, na hakuna aliyeita mtaalamu wa chakula. Nyumba hiyohiyo, saa chache baadaye, shangazi aliyefika jana kutoka Songea anakaribishwa bilauri ya togwa. Anaonja, anakunja uso kidogo, anatikisa kichwa kwa kuridhika: "Hii sasa imechacha." Anaongezewa nyingine.

Asubuhi kuchacha kulikuwa hukumu ya kumwaga, mchana kukawa sifa. Wageni wanaojifunza Kiswahili hulalamika kuhusu maneno ya aina hii, ila mzawa hapati shida nayo. Shida yetu ni nyingine. Tumeanza kulitumia neno kuchacha kana kwamba maana yake ni kuharibika tu, na kwa kufanya hivyo tumepoteza elimu ambayo bibi zetu walikuwa nayo bila kwenda maabara.

Tuanze na kile ambacho hakichachi. Ndimu haichachi. Ndimu ni chachu, ni kali, ukiila nyingi meno yanakufa ganzi, lakini ilikuwa hivyo tangu mtini. Embe bichi lina ugwadu. Bibo na ndizi mbichi vina ukakasi, ule unaokausha ulimi. Mwarobaini ni mchungu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachochacha, kwa sababu kuchacha ni safari. Kitu kilikuwa kitamu, au kilikuwa cha kawaida tu, kikakaa, kikageuka chenyewe ndani kwa ndani mpaka kikawa kikali. Ukikamulia ndimu kwenye mchuzi umeutia ukali, hujauchachusha. Uache mchuzi huohuo jikoni Dar es Salaam mwezi wa pili, kesho utakuwa umechacha bila kuguswa na mtu.

Nyama nayo, kwa Kiswahili cha watu wazima, haichachi. Nyama inaoza, samaki anaoza au kuvunda. Wali unachacha, maharage yanachacha, uji unachacha, maziwa yanachacha. Mpangilio huu si wa bahati nasibu. Vyakula vinavyochacha ni vile vyenye wanga na sukari, na vijidudu vinavyokula sukari hutoa asidi. Nyama ina protini nyingi na sukari kidogo mno. Vijidudu vinavyoivunja hutoa vitu vya jamii ya amonia, vyenye uvundo, ambavyo huisukuma nyama upande ulio kinyume na asidi. Mpishi aliyekataa kusema "nyama imechacha" alikuwa anatofautisha njia mbili za kikemia kwa kutumia pua yake. Mchuzi wa nyama wenye nyanya na vitunguu unachacha, naam, lakini aliyesababisha hapo ni nyanya na kitunguu.

Kuna na maneno mengine ya jirani. Unga uliotiwa hamira unaumuka. Maziwa yakiwekwa makusudi kwenye kibuyu tunasema yameganda, na mtu hujisifu kwa hayo. Yakibadilika yenyewe bila kutarajiwa tunasema yamechacha. Yakivurugika motoni wakati wa kuchemsha, yamekatika. Kikemia mambo yote hayo matatu ya maziwa ni karibu kitu kimoja: asidi imeongezeka, na protini ya maziwa, ambayo hushindwa kubaki imetawanyika pH inapokaribia 4.6, imejikusanya mabonge. Lugha imegawa jambo moja mara tatu kulingana na nani aliyetaka litokee.

Togwa na kazi ya bakteria

Ukitaka kuona kuchacha kukifanyika kwa adabu, nenda kwa mpika togwa. Kazi huanza siku kadhaa nyuma, kwenye kimea. Ulezi unalowekwa usiku kucha, unachujwa, unafunikwa na gunia lenye unyevu mpaka uchipue vijimizizi vyeupe, kisha unaanikwa juani na kusagwa. Siku ya kupika, unatengenezwa uji wa mahindi mzito, mzito wa kusimamisha mwiko. Unaachwa upoe mpaka kidole kiuvumilie. Hapo kinatiwa kimea, na hapo ndipo panapostahili kutazamwa: uji uliokuwa haukorogeki unalegea ndani ya dakika chache, unateremka kutoka kwenye mwiko kama maji, na hakuna aliyeongeza hata tone la maji. Vimeng'enya vya nafaka iliyochipua vimeukatakata wanga na kuufanya sukari.

Ukionja wakati huo ni mtamu. Mpika anamimina kikombe cha togwa ya juzi ndani yake, anafunika, anaondoka. Kikombe hicho ndicho chachu. Ndani yake wamo bakteria wa asidi laktiki, yaani asidi ya maziwa, pamoja na hamira kidogo, na sasa wamekabidhiwa karamu ya sukari. Usiku mzima wanakula na kutoa asidi. Kesho yake pH ya togwa imeshuka chini ya 4, harufu imebadilika, utamu umebaki kwa mbali na ukali umepanda juu yake.

Hapo ndipo inapokuja siri ambayo dada mtu wa maharage hakuwa na haja ya kuijua. Bakteria wengi wanaoleta kuhara hawawezi kustawi kwenye ukali wa kiwango hicho. Asidi iliyotolewa na kundi moja la vijidudu imewafungia mlango wengine. Watafiti wa Tanzania, akiwamo Rose Kingamkono, waliwafuatilia watoto wadogo waliolishwa uji uliochachushwa na wenzao waliolishwa uji wa kawaida, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kuwa wale wa uji uliochacha walipatikana na vijidudu vya kuhara kwa uchache zaidi. Mama asiye na jokofu wala gesi ya kupasha uji kila saa ana jambo la kuwaza hapo. Kimea nacho kina faida yake ya pili: kwa kuwa kinaulegeza uji mzito, mtoto anameza unga mwingi zaidi katika kikombe kilekile.

Kenya magharibi wana uji mchachu, na wao hugeuza utaratibu. Unga unakorogwa na maji, unaachwa uchache kwanza, kisha ndipo unapikwa. Bakteria wanakufa kwenye sufuria lakini asidi waliyoiacha inabaki. Watu wa Ruvuma na watu wa Kakamega wakikutana wanaweza kubishana mpaka jioni ni ipi njia sahihi. Mimi ni wa togwa, na sioni haya.

Muhogo una habari nzito zaidi. Mihogo michungu ina kemikali ambayo ikivunjika hutoa sianidi, sumu kali. Kwa hiyo wanaoitegemea hulowesha mihogo ndani ya maji siku kadhaa mpaka ilainike na kuchacha, au huifunika mpaka iote ukungu, kisha huianika na kuitwanga. Tanzania chakula cha aina hiyo kinaitwa kivunde, jina lililotoka moja kwa moja kwenye kuvunda, na wanaokila hawaoni aibu nalo. Muhogo ukilainika, seli zake zinapasuka, vimeng'enya vyake vyenyewe vinaikuta ile kemikali na kuivunja, na sumu inatoka kwenye maji na hewani. Muda ndio dawa. Mwaka 1985 wilayani Tarime chakula kilikuwa kimeadimika, watu wakafupisha siku za kuandaa muhogo mchungu, na zaidi ya watu 100, wengi wao wanawake na watoto, wakapooza miguu kwa ghafla. Ugonjwa huo unaitwa konzo, jina lililotoka Kongo, ambako ulikuwa umeelezwa tangu mwaka 1938. Aliyepooza kwa konzo miguu yake hairudi kama zamani. Kwa watu hao, kutochacha ndiko kulikokuwa hatari.

Maziwa sitayakalia sana, maana kila kabila lina lake na kila moja linaamini la kwake ndilo bora. Tanzania tuna mtindi na mgando. Kenya kuna mala, ambayo ni maziwa lala, yaani yaliyolala. Wakalenjin wana mursik, inayokaa kwenye kibuyu kilichopakwa mkaa ndani, na ndiyo wanayonyweshwa wanariadha wao wanaporudi na medali. Jambo moja tu la kukumbuka: asidi ya maziwa ilitambuliwa kwa mara ya kwanza mwaka 1780, na mkemia wa Sweden, Carl Wilhelm Scheele, ndani ya maziwa yaliyochacha. Mwaka 1857 Louis Pasteur akaandika kwamba kuchacha huko ni kazi ya viumbe hai. Wafugaji wetu walikuwa wameshaweka viumbe hao kazini zamani, ila hawakuwapa majina ya Kilatini.

Tembo la mnazi ndilo lenye haraka kuliko yote. Mgema anapanda alfajiri, anakata kole, utomvu unadondoka ndani ya kibuyu, na kuchacha kunaanza kabla hajashuka, kwa sababu kibuyu kina hamira ya jana. Asubuhi ni tembo tamu, hata mtoto anaweza kuomba. Jioni ni tembo kali, na hapo watu wazima wanakaa kwenye vigogo. Likiachwa siku nyingine kadhaa, bakteria wa aina nyingine wanaivamia ile pombe na kuigeuza kuwa siki. Kitu kimoja kimechacha mara mbili, kwanza kuelekea ulevi, kisha kuelekea kachumbari. Pwani, tembo lilitumika hata kuumulia unga kabla hamira ya pakiti haijafika dukani, na waliokuwa wakijiepusha na ulevi walitafuta chachu ya njia nyingine. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, ndiyo, lakini hata asipolitia, ukichelewa kulinywa utaishia kuwa na siki.

Wali wa jana

Nimesifia kuchacha kwa muda mrefu, na sasa msomaji mmoja ameshaanza kumtazama mkewe kwa jicho la "si umeona?" Asubiri.

Togwa inachacha chini ya usimamizi. Chachu yake inajulikana, chombo chake kimeshazoea, bakteria waliomo ni wengi mno kiasi kwamba mgeni hapati nafasi. Sufuria ya wali wa nazi iliyosahaulika haina msimamizi. Aliyeingia ameingia. Mmoja wa wanaoingia anaitwa Bacillus cereus, na hodi yake ni ya ajabu: mbegu zake huwa zimo kwenye mchele wenyewe, zinastahimili kuchemshwa, na wali ukikaa kwenye joto la kawaida la chumba zinaamka na kuzaliana. Aina mojawapo ya sumu yake haiondolewi na moto wa jikoni. Kupasha wali mpaka utoe mvuke kunaua bakteria na kuiacha sumu palepale. Ndiyo maana mtu anakula kiporo cha moto kabisa na baada ya saa chache anatapika, huku akiapa kwamba alikipasha vizuri. Alikipasha kweli.

Ukitia magadi kidogo kwenye maharage yaliyochacha, ukali utapungua mdomoni, kwa sababu magadi hupambana na asidi. Umeitibu ladha. Kilichosababisha ladha hiyo umekiacha. Wali, maharage na kila kitu cha nazi vikibaki, viingizwe kwenye jokofu vikipoa, ndani ya saa moja au mbili. Asiye na jokofu apike kinachotosha. Huu si ushauri mpya, na bibi yeyote wa Tanga angekwambia hivyohivyo kuhusu tui la nazi, ambalo halisubiri mtu.

Kwa hiyo ninaposema kuchacha si kuoza, sisemi kila kilichochacha ni salama. Nasema ni mambo mawili, na anayeyachanganya anaweza kukosea kwa pande zote: akamwaga togwa nzuri kwa sababu ina povu, na akala wali mbaya kwa sababu haujanuka.

Mtaani na gazetini

Neno halikubaki jikoni. Tanzania, kijana akisema "nimechacha" hazungumzii mboga. "Mwanangu nimechacha, nishikie hata buku mbili." Mfukoni hamna kitu. Mtaa haukueleza kwa nini ukosefu wa fedha uitwe hivyo na hakuna aliyedai maelezo. Kijana huyohuyo akivuka Namanga na kusema Nairobi amechacha, atatazamwa kwa mshangao, maana huko kuchacha ni kupamba moto. Magazeti ya Kenya huandika kwamba siasa za kaunti fulani zimechacha, na msomaji anaelewa kuwa watu wameanza kurushiana maneno, pengine na viti.

Maana hiyo ya Kenya ndiyo iliyo karibu zaidi na matumizi ya zamani ya pwani. Wavuvi na manahodha husema bahari imechacha, yaani imechafuka, mawimbi yamepanda, povu limetanda juu ya maji. Mtu aliyeona tembo likitoka povu kibuyuni na kisha akaiona bahari ya kusi hahitaji kufafanuliwa uhusiano. Kutoka hapo ni hatua fupi mpaka kwa watu: wananchi wamechachamaa, wabunge wamechachamaa. Waandishi wa vichwa vya habari wanalipenda neno hili kupita kiasi. Wiki ikipita bila mtu kuchachamaa huenda gazeti halikutoka. Nao Wakurya wa Tarime na Migori wenye jina la Chacha, ambalo ni jina lao la heshima lisilohusiana na mboga wala na mfuko mtupu, wamevumilia utani wa wenzao shuleni kwa vizazi, na mwalimu mwenye busara huwanyamazisha wachokozi mapema.

Wakati kitenzi kikishuka mtaani, jina lake limepanda jukwaani. Chachu. Barabara ni chachu ya maendeleo, michezo ni chachu ya umoja, semina hii iwe chachu ya mabadiliko. Chimbuko la mapenzi haya bila shaka lina mkono wa mimbari, maana Injili ya Mathayo inautaja ufalme wa mbinguni kwa mfano wa chachu iliyofichwa ndani ya unga. Ila Injili hiyohiyo, sura chache mbele, inaonya dhidi ya chachu ya Mafarisayo na Masadukayo. Wahubiri wanazijua sura zote mbili. Wanasiasa walichukua ya kwanza, ya pili wakaiacha kwenye kitabu. Matokeo yake chachu imekuwa neno zuri tu, kuchacha neno baya tu, kana kwamba si mzazi na mtoto. Binafsi ningependa chachu ya maendeleo ipumzishwe hata miaka 10. Imetumika mpaka haiumui tena.

Ukakasi nao umepanda ngazi. Zamani ulikuwa wa ndizi mbichi, leo "jambo hili lina ukakasi" ni lugha ya bungeni kwa mkataba unaotia shaka. Lakini huo ulipata bahati ya kubaki na maana moja popote uendako.

Tindikali

Shuleni mtoto anakutana na msamiati mwingine kabisa. Anaambiwa asidi hugeuza litimasi ya buluu kuwa nyekundu. Anaambiwa pia kuwa asidi ni tindikali. Nje ya darasa, tindikali ni neno la kutisha, la habari za polisi, la mtu kumwagiwa usoni. Gereji wanaiita maji ya betri na wanaishika kwa tahadhari. Hakuna anayemwambia mtoto kwamba kile kilicho kwenye togwa ya shangazi yake ni asidi pia, dhaifu tu. Hata wale waliotuletea somo hili walianzia jikoni: acidus kwa Kilatini maana yake ni chachu, na kipimo chenyewe cha pH kilibuniwa mwaka 1909 na Søren Sørensen huko Copenhagen, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, mahali ambapo kuchacha ndiyo biashara.

Pengo hili kati ya jikoni na darasani lina gharama, na shambani ndipo inapolipwa. Bwana shamba anamwambia mkulima wa Mbozi, au wa Uasin Gishu, kwamba udongo wake una tindikali. Mkulima anawaza maji ya betri na kujiuliza ni jirani gani aliyeyamwaga. Hakuna aliyemwaga. Mvua ya miaka mingi imeosha kalisi na kuizamisha chini. Mavuno yameondoka na sehemu nyingine. Mbolea zenye amonia, DAP ikiwamo, zimewekwa msimu baada ya msimu, na bakteria wa udongoni wanapoibadilisha amonia hiyo kuwa naitreti wanaacha asidi nyuma yao. pH ikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imelala ndani ya udongo inayeyuka na kudumaza mizizi, na fosforasi inashikwa mahali mmea usipoweza kuifikia. Mkulima anaongeza mbolea ileile, mahindi yanabaki ya njano, anasema udongo umechoka. Kenya inakadiriwa kuwa na takribani asilimia 13 ya ardhi yake katika hali ya aina hii. Dawa inayojulikana ni chokaa ya kilimo, ambayo hufanya udongoni kazi ileile ya magadi kwenye sufuria, ila huku inatibu kweli.

Sasa tazama: udongo umegeuka wenyewe, ndani kwa ndani, kwa kukaa na kutumika, na sehemu ya kazi hiyo imefanywa na bakteria. Hiyo kwa Kiswahili inaitwaje? Inaitwa kuchacha. Mwambie mkulima "shamba lako limechacha, linataka chokaa", ataelewa mara moja kwamba mambo yalikwenda polepole, kwamba hakuna mchawi wala jirani mbaya, na kwamba kuongeza ileile iliyochachusha hakutaponya. Vitabu vya kilimo vinaweza kubaki na tindikali kwenye majedwali yao. Kwenye mkutano wa kijiji, neno la jikoni linafaa zaidi.

Lakini nisije nikafungua mlango wote. Habari za mazingira siku hizi zinasema kuhusu bahari za dunia, kwamba zinanyonya hewa ya ukaa inayotoka viwandani na kwenye magari, hewa hiyo inakutana na maji na kuzaa asidi, na pH ya juu ya bahari imeshuka kutoka karibu 8.2 kabla ya enzi za viwanda mpaka karibu 8.1. Tarakimu inaonekana ndogo, ila kwa jinsi kipimo hicho kinavyopangwa ni ongezeko la asidi la takribani asilimia 30, na viumbe wanaojenga magamba na matumbawe wanalipata hilo. Tafsiri zake kwa Kiswahili zimekuwa za kuhangaika: bahari kuasidika, utindikalishaji wa bahari, na nyingine ngumu kutamka ukiwa umeshiba.

Rai yangu kwa wahariri na watafsiri ni moja. Waandike kwamba tindikali inaongezeka baharini, basi, kila mtu ataelewa. Maji ya bahari bado yako upande wa alkali, asidi yao imeingia kutoka hewani, na hayajachacha kama uji unavyochacha. Zaidi ya hapo, neno lenyewe lina mwenyewe huko. Mvuvi wa Kilwa akisoma gazetini kwamba bahari imechacha, ataivuta ngalawa yake mchangani na kukaa kungoja upepo upungue.